Antimata ni chombo cha kuchunguzia atomu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nieleze jambo ambalo husahaulika kila antimata, yaani mata ya chembe zenye masi sawa na za kawaida lakini chaji kinyume, inapotajwa magazetini. Habari nyingi huhusu mabomu ya kubuni au mafuta ya vyombo vya anga za mbali, ilhali kwa miongo kadhaa wanafizikia wameitumia kwa kazi tulivu zaidi na, kwa maoni yangu, yenye manufaa zaidi, nayo ni kuchunguza yanayotokea chembe inapogongana na atomu.

Positroni, chembe ya antimata inayolingana na elektroni, iliyogunduliwa na mwanafizikia Carl Anderson mwaka 1932, ina masi sawa na ya elektroni, ila chaji yake ni chanya. Elektroni ikirushwa kwenye atomu haitofautishiki na zile zilizomo, hivyo inayotoka haijulikani kama ni mgeni au mwenyeji. Positroni haina utata huo. Isitoshe, yaweza kunyakua elektroni na kuunda nayo positroniamu, atomu isiyo na kiini ambayo, hata ile ya aina inayodumu zaidi, huishi kwa wastani wa nanosekunde 142 tu katika ombwe.

Mfano unaonivutia zaidi ni wa antiprotoni, chembe ya antimata inayolingana na protoni lakini yenye chaji hasi. Kwa chembe zinazokwenda kasi sana, hesabu rahisi husema kwamba uwezekano wa kung'oa elektroni hutegemea kipeo cha pili cha chaji, kwa hiyo isingejalisha kama chaji ni hasi au chanya. Katikati ya miaka ya 1980, katika maabara ya CERN karibu na Geneva, watafiti walirusha antiprotoni kwenye gesi ya heliamu. Kung'oka kwa elektroni moja kulikaribiana na kule kunakosababishwa na protoni zenye kasi ileile, lakini elektroni zote mbili za atomu ya heliamu ziling'oka kwa pamoja takriban mara mbili ya ilivyo kwa protoni. Ilidhihirika kwamba elektroni hizo haziwezi kukokotolewa kana kwamba kila moja iko peke yake, kwa sababu husukumana, na njia mbalimbali za kung'oka kwake huingiliana kwa namna inayotegemea alama ya chaji. Vipimo vya protoni pekee visingelifichua hilo, kwani pasingekuwapo cha kulinganishia.

Najua wapo watakaosema kwamba utafiti huu ni anasa. Antiprotoni kweli huhitaji mitambo mikubwa. Positroni, hata hivyo, hupatikana kutoka kwa sodiamu-22, aina ya sodiamu yenye mnururisho ambayo nusu-uhai wake ni takriban miaka 2.6, na hupunguzwa kasi kwa tungsteni au neoni iliyogandishwa, ndani ya maabara ya kawaida. Tena hospitali zenye mashine za PET, zinazopiga picha za ndani ya mwili kwa kutumia positroni, huzitumia tayari. Positroni itokayo kwenye dawa aliyopewa mgonjwa hugongana na molekuli nyingi, hasa za maji, kabla ya kuangamia pamoja na elektroni, na umbali inaosafiri ni mojawapo ya mambo yanayopunguza ukali wa picha. Ningependa kuona waandishi wako wa sayansi wakiwauliza wataalamu wa vipimo hivyo kuhusu migongano hiyo, badala ya kurudia habari za bomu.

Wako mtiifu,
Msomaji wa safu ya sayansi