Shukrani kwako uliyenielekeza kuhusu friza

Ndugu yangu, jina lako silijui, lakini shukrani hizi zikufikie popote ulipo. Friza sasa linapoza bia bila kuigandisha, na wageni wananisifia mimi. Sifa ni zako.

Ulisema nisithubutu kutoboa kuta zake kwa drili ili kupitisha waya, maana mirija ya gesi imepita humo ndani na kwa nje haionekani. Basi waya wa kihisi joto umepita chini ya mpira wa mfuniko, nikaubana kwa utepe, na mfuniko unafunga vizuri tu. Friza lenyewe limechomekwa kwenye themostati ya nje, kile kifaa cha kudhibiti joto chenye hicho kihisi: umeme unakatika joto likishuka hadi nyuzi 4, unarudi likifika 6. (Bia ya kawaida huganda kwenye nyuzi 2 au 3 hivi chini ya sifuri, na chupa ikipasuka, kazi ya kusafisha unaijua.)

Lakini lililonikuna zaidi ni lile la kutumbukiza kihisi kwenye chupa ya maji badala ya kukiacha kining'inie hewani. Hewa hupata joto kila mfuniko unapofunguliwa. Maji hayana haraka, hivyo kompresa, ile mashine inayosukuma gesi ya friza, haihangaiki kuwaka na kuzima. Na zile dakika 5 za kuipumzisha kabla haijawaka tena, nimeziweka.

Unyevu nao umekuja kama ulivyosema, maji yanatuama chini. Nayafuta kwa kitambaa. Mungu akubariki, fundi. Bia yako ipo, ni ya baridi.