Tuzo ya Cannes haikuanzia Cannes

Mhariri,

Wanaomsifu Zar Amir Ebrahimi, mwigizaji wa Kiirani, huanzia 2022, alipotwaa tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la filamu la Cannes kwa filamu ya Holy Spider. Mimi ningeanzia 2008, alipoikimbia Iran na kuhamia Ufaransa. Seremala huhama na randa yake. Mwigizaji chombo chake ni ulimi, na ugenini lafudhi humfungia milango. Hata kwenye filamu hiyo aliajiriwa kutafuta waigizaji, akapewa nafasi ya kuigiza mwigizaji mwingine alipojitoa. Wengine wataiita bahati. Haya, lakini mwaka uliofuata ilionyeshwa filamu ya Tatami, aliyoiongoza pamoja na Guy Nattiv, Mwisraeli. Hiyo nayo ilimwangukia tu?

Msomaji wenu