Nekesa, Sasa Alama Zitatoka Kwako

Umoja, Nairobi

Mwanangu Nekesa,

Ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa ndani ya matatu, makanga anaita abiria, nikaambulia "chuo kikuu" na "Julai" tu, nikadhani unaacha shule uende kuwa mhadhiri. Nilipofika nyumbani nilizima redio ya mama yako (bado amenuna) ndipo nikaelewa. Chuo kikuu kinataka ubaki palepale darasani kwako Minnesota, ufundishe kalkulasi ya mwaka wa kwanza wa chuo, na mtoto akifaulu, krediti (vipimo vya masomo aliyomaliza) zihesabiwe pande zote mbili, kwenye cheti cha shule na kwenye digrii. Halafu unaniuliza mimi kama unatosha.

Unatosha, mama. Hilo nalimaliza mapema kwa sababu silo linaloninyima usingizi. Zile krediti 18 za uzamili wanazodai katika somo lenyewe unazo, ulizitafuta usiku huku mtoto amelala mgongoni. Mafunzo ya kiangazi utahudhuria. Na huyo mhadhiri atakayekuja kukaa nyuma ya darasa kukutazama asikutishe. Sisi tulikaliwa nyuma na mainspekta waliofika bila hodi, na wengine wao hesabu yenyewe ilikuwa imewapiga chenga.

Kazi hiyo kwetu si ngeni. Kabla hujazaliwa nilifundisha Kidato cha Tano na cha Sita hapa Nairobi, chaki mkononi hadi kola ya shati inakuwa nyeupe. Kisha 8-4-4 ikaanza Januari 1985: miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo, Kidato cha Tano na cha Sita vikaondolewa. Kidato cha Sita cha mwisho kilifanya mtihani 1989, mwaka uleule watoto wa kwanza wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari ya 8-4-4, walipofanya wao. Mwaka 1990 vyuo vikapokea makundi yote mawili, na wale wa 8-4-4 digrii yao ikawa ya miaka minne badala ya mitatu. Huo mwaka ulioongezwa ulijazwa nini? Niliujua siku kijana mmoja wa mtaani alipoleta noti zake za muhula wa kwanza nimsaidie. Nilifungua kabati, nikatoa daftari langu la Kidato cha Tano, tukayaweka mawili hayo mezani ubavu kwa ubavu. Hesabu zilikuwa zilezile. Hata ile ngazi iliyoegemezwa ukutani ikiteleza, unaulizwa ncha ya juu inashuka kwa kasi gani, ilikuwepo. Yake ilikuwa na urefu wa mita tano, yangu mita kumi. Tangu siku hiyo mtu akiniambia somo fulani ni la chuo kwa kuwa linafundishwa ndani ya jengo la chuo, namwangalia tu.

Kinachonichekesha ni huo mwaka 1985. Ndio mwaka Minnesota ilipopitisha sheria ya kuwaruhusu wanafunzi wa madarasa mawili ya mwisho ya sekondari wasome kozi za vyuo bila kulipa. Sisi tunaanza kuitoa kalkulasi shuleni, wao wanatafuta namna ya kuiingiza. Na chuo cha Syracuse, kule jimbo la New York, kilikuwa kimeanzisha mpango wa kutumia walimu wa sekondari namna hii tangu 1972. Kwa hiyo usidhani unajaribiwa kitu kipya.

Sasa nifike kwenye linaloninyima usingizi.

Mimi sikuwahi kutoa alama ya mwisho. Mtihani wa Kidato cha Sita ulitungwa kwingine na kusahihishwa na watu wasiomjua mtoto wangu hata kwa sura. Hata hapo kwenu, wale wanaofundisha kozi za AP (kozi za kiwango cha chuo zinazosomwa sekondari), mwanafunzi hungoja mtihani wa Mei, ukaenda kusahihishwa mbali, akarudishiwa namba kati ya 1 na 5. Mwalimu analindwa. Wewe hulindwi. Silabasi ni ya chuo na chuo kitapitia usahihishaji wako, lakini kalamu nyekundu iko mkononi mwako, na unachoandika kinaingia kwenye rekodi ya chuo ya mtoto wa miaka kumi na sita, na hapo hakifutiki. D aliyoipata kwa sababu alikuwa na mapenzi mwezi wa Oktoba itamkuta anapoomba kusomea udaktari.

Na A ya huruma ni mbaya zaidi. Hili sijawahi kukuambia. Kulikuwa na kijana, baba yake alikuwa amefariki mwaka huo, mpole, mwandiko mzuri. Katika mtihani wa majaribio, ule tuliouita moki, alipata 41. Nilikaa na ile karatasi usiku, nikarudi ukurasa wa tatu, nikampa alama za njia pale ambapo njia haikuwepo, nikarudi wa tano, nikampa tena. Ikawa 50. Alifurahi, akaacha kuja masomo ya Jumamosi kwa sababu alijiona amevuka. Mtihani wenyewe haukumvusha, na uhandisi aliokuwa anautaka ukapita. Alipokuja kuchukua cheti aliniuliza, "Mwalimu, nilipotelea wapi?" Nikamwambia hesabu ni ngumu. Leo ana duka la vyuma Gikomba na ana pesa kunishinda, kwa hiyo usimlilie. Lakini nikipita pale huvuka barabara.

Mtoto wako wewe, ukimpa A isiyo yake, ataruka kozi ya kwanza na kwenda moja kwa moja kwenye ya pili, akae na watu waliosoma kweli. Hutakuwepo kumwona akizama.

Fanya hivi. Mwombe huyo mhadhiri msahihishe karatasi kumi kila mmoja peke yake, majina yamefunikwa, kisha mlinganishe. Wazazi uwaite kabla darasa halijaanza, uwaambie tarehe ya mwisho ya kujiondoa bila doa, na uwaambie pia wakiulize chuo wanachokitamani kama kitazipokea hizo krediti, maana si vyote hupokea. Mkuu wa shule akitaka kukujazia viti ili darasa lipendeze machoni, kataa kwa adabu. Kuhusu nyongeza ya malipo, uliza, usione haya, karo yako mwenyewe uliilipa.

Hapa nyumbani mambo yanazunguka. Gredi ya 10 imeanza Januari hii, 2026, wanaiita sekondari pevu, na mpango mzima ni 2-6-3-3-3, yaani chuo kinarudi miaka mitatu. Mtoto wa jirani yuko upande wa sayansi, huja jioni na daftari lake. Juzi stima ilipotea katikati ya swali, tukaendelea kwa tochi ya simu, mama yako akiishika na kulalamika kwamba mkono unamuuma.

Jambo la mwisho. Ukishatunga mtihani wako wa kwanza, nitumie. Nitaufanya mezani kwa saa mbili, bila kikokotoo, mama yako akishika saa. Kisha unisahihishe kama mwanafunzi yeyote, ukurasa wa tatu na wa tano pia. Tuma kwa WhatsApp, picha moja moja. Hizo faili unazotuma kwa barua pepe simu yangu inakataa kuzifungua.

Baba yako