Mdogo wangu, mwache mtoto asahau

Mdogo wangu,

Umeniondoa kwenye grupu la familia, basi nakuandikia hapa, ambapo huwezi kunifuta. Najua utasoma. Huwa unasema husomi ninayoandika, halafu nasikia maneno yangu kwa mama, tena yakiwa yamekunjwa kunjwa.

Nianze na lililokuudhi. Mnasema binti yako ni kaka yako aliyekufa maji, amezaliwa upya. Sikusema mtoto ni mwongo. Nilisema mtoto wa miaka mitatu hana bado ukweli wala uongo wa aina mnayomdai. Ana maneno machache, ana macho ya kutusoma sisi, na anajua vizuri sana ni neno gani akilitamka watu wazima wanaweka simu chini. Siku ya kwanza aliposema "mimi nilikuwa mkubwa, nikaenda majini", ulinipigia usiku, unalia huku unacheka. Nami nililia. Usije ukawaambia watu kwamba sikulia. Kaka yako nilimbeba mgongoni mimi, wewe hujazaliwa.

Nilichokataa ni yaliyofuata. Majini wapi? Ulikuwa na nani? Ulivaa nini? Jioni hata jioni, na kila mgeni aliyeingia akapewa zamu ya kuuliza. Mtoto akikosa, kimya. Akipatia, anarushwa juu. Mwaka 1994 mwanasaikolojia Stephen Ceci na wenzake walitangaza jaribio walilofanya kwa watoto wa umri wa chekechea: waliwauliza wiki baada ya wiki mambo ambayo hayakuwahi kuwapata, mfano kubanwa kidole na mtego wa panya hadi wakapelekwa hospitali. Mwisho zaidi ya nusu walikuwa wanasimulia angalau tukio moja la namna hiyo kana kwamba limewapata, wakiongeza mambo ambayo hakuna aliyewaambia. Walichofanyiwa ni kuulizwa, basi.

Wewe ukanitumia habari za Ian Stevenson, ukidhani nitanyamaza. Nilizisoma zote, na nikaendelea pale wewe ulipoishia. Huyo bwana namheshimu kuliko unavyodhani. Daktari wa magonjwa ya akili, Chuo Kikuu cha Virginia, akaacha mambo yanayoleta sifa akaenda kuzunguka India, Sri Lanka, Burma (Myanmar ya leo), Lebanon na Alaska, akiandika maneno ya watoto wanaodai waliwahi kuishi kabla, na kutafuta wafu wanaofanana nayo. Yeye na wenzake walikusanya visa zaidi ya 2,500. Wengi wa watoto hao huanza kusema wakiwa na miaka miwili hadi minne, na wengi humtaja mtu aliyekufa kifo cha ghafla au cha vurugu. Hapo ndipo ulipopiga mstari mwekundu. Lakini Stevenson hakudai kwamba amethibitisha. Na visa alivyoviona dhaifu ni vya namna yetu, mtoto na marehemu wakiwa wa nyumba moja, kwa sababu mtoto amekwisha kuyasikia yote kabla hajajua kutembea. Binti yako alikuwa tumboni mwako tulipomzika kaka yako. Alizaliwa ndani ya kilio, akanyonya tukimtaja marehemu juu ya kichwa chake. Angeyasikia wapi mengine?

Ukasema anaogopa maji. Mtoto gani wa miaka miwili anapenda kumwagiwa maji kichwani? Wewe ulikuwa ukipiga kelele mpaka majirani wanakuja, na hakuna aliyeuliza ulikufa wapi.

Ukasema ana alama begani. Ni kweli, Stevenson alichapisha mwaka 1997 juzuu mbili nene, zenye visa zaidi ya 200 vya alama na kasoro za kuzaliwa. Ila alama zile alizilinganisha na majeraha ya marehemu, risasi iliingilia wapi, kisu kilipita wapi. Kaka yako alikufa maji. Jeraha la maji linakaa bega gani?

(Stevenson mwenyewe alifariki mwaka 2007. Alikuwa ameweka ofisini kufuli la namba, namba akaziweka kichwani mwake, kwamba akiweza atazileta kutoka huko aendako. Hilo nililipenda. Angalau mtihani aliutega kwa mtu mzima.)

Na kuna jambo jingine ambalo hukupiga mstari. Wadruze, jamii ya kidini ya huko Lebanon na jirani zake, wanaamini kwamba Mdruze huzaliwa tena Mdruze, papo hapo, mwanamume akabaki mwanamume. Watoto wao ndivyo wanavyokumbuka. Burma watu wanakubali kwamba mwanamke anaweza kurudi mwanamume, na huko watoto wa namna hiyo ni wengi. Wapo hata waliosema walikuwa askari wa Japani waliouawa pale vitani. Anayeamini atakwambia roho hufuata imani yake. Mimi naona mtoto hufuata masikio yake. Sijui kwa nini hilo linakufanya uniite sina moyo.

Haya. Siku ya picha.

Umeshaisimulia mara nyingi mpaka nayo imekuwa kisa cha kitabuni. Unasema mtoto alimwagiwa picha akachagua ya kaka yako mara moja, bila kusita. Nilikuwepo, mdogo wangu. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mama amekaa na mtoto mapajani, shangazi akamwaga picha, akauliza, "Wewe ni yupi hapo?" Kwanza akashika ya harusi yako, kwa sababu inang'aa. Mkaiondoa. Akashika yangu. Mkacheka, mkaiondoa, mkamwambia atazame vizuri. Zilizobaki mama alikuwa ameinamia moja tu, machozi yanamdondoka juu yake. Mtoto akaishika hiyo. Mlivyopiga kelele, hata kama ingekuwa picha ya kabati angeishika.

Hilo ningelisamehe. Msiba una wazimu wake. Ambalo silisamehe ni la baadaye, shangazi alipokwisha kutulia. Mama alimgeuza mtoto uso kwa uso, akamuuliza kwa sauti ile ambayo mimi na wewe hatujawahi kuisikia ikitumika kwetu: "Mwanangu, umenisamehe?"

Tunajua alikuwa anauliza nini. Neno alilomwambia kaka yako mlangoni asubuhi ile, wewe ulilisikia, mimi nililisikia, na baada ya hapo hakurudi. Sitaliandika.

Mtoto akakutazama wewe. Hakumtazama bibi yake. Nawe ukainua kidevu kidogo, ukakishusha. Hukujua kwamba nimeona. Mtoto akasema, "Ndiyo."

Mama akalia kilio ambacho alikuwa hajakilia hata kaburini. Watu wakamshukuru Mungu. Nikamchukua mtoto nikatoka naye, na hapo ndipo mkaanza kusema nina wivu, kwamba marehemu amekuja kwako hakuja kwangu, kwamba mimi sina mtoto na ndiyo maana. Maneno hayo yalisemwa mbele yako ukanyamaza. Nimeyaweka pembeni. Lakini kule nje, alipokwisha kunizoea begani, binti yako aliniuliza: "Mama mkubwa, nimepatia?"

Nimewahi kukwambia hilo? Sijawahi. Nilinyamaza kwa ajili yako. Nawe ukautumia ukimya wangu kuniita mbaya wenu.

Utasema mama sasa analala, hanywi tena dawa za usingizi, anatabasamu. Naona. Nani asingependa mama alale? Ila msamaha ule haukuwa wako wa kutoa, na umemtwisha mtu ambaye hajui hata kuhesabu hadi ishirini. Soma kisa cha Shanti Devi. Alizaliwa Delhi mwaka 1926, akaanza utotoni kusema kwamba kwao ni mji wa Mathura, ana mume na mtoto wa kiume, na kwamba alikufa baada ya kujifungua. Mwaka 1935 alipelekwa Mathura na jopo la watu wazito, Gandhi naye akiwa ameingilia kati, na umati ukajaa kumtazama. Kama kweli alikuwa yule mama au hakuwa, wamegombana wasomi na hawajaafikiana. Mimi natazama kilichompata aliye hai. Hakuolewa. Miaka ya 1980 bado alikuwa anahojiwa juu ya mwanamke yule. Alifariki mwaka 1987, na sijakutana na mtu aliyeandika kwa kirefu kuhusu maisha ya Shanti Devi mwenyewe, alipenda nini, aliogopa nini.

Jim Tucker, aliyeendeleza kazi ya Stevenson palepale Virginia, ni daktari wa akili za watoto, na ushauri wake kwa wazazi ni mwepesi: msikilize, usimkemee, andika anachosema kwa maneno yake, usimbane kwa maswali. Kama ungeandika siku ya kwanza, leo tungekuwa na kitu cha kujadili. Sasa tuna wimbo mliomfundisha.

Tena wakati unakwenda. Watoto hawa wengi huacha kusema wakifika miaka sita au saba, na sisi wote tulikwisha kupoteza karibu kila kitu cha kabla ya miaka mitatu. Utafika mwaka mama atamwita "mwanangu", atamuuliza jambo la zamani, na binti yako atamtazama tu, hajui anaulizwa nini. Utafanyaje? Utamwashiria tena kwa kidevu? Mama atamzika mwanawe mara ya pili, akiwa mzee zaidi, na safari hii hakutakuwa na wa kumlaumu ila kasichana kaliko darasa la kwanza. Mimi nilitaka kuzuia hilo. Mngeniacha nimtoe nje mapema zaidi, tusingefika hapa.

Nampenda mtoto wako. Anacheka kama wewe, anakoroma kama wewe, ana ubishi wako wote. Kila nikisema hivyo mnaniambia, "hapana, huo ni wa marehemu." Hata ubishi mmemnyang'anya.

Hili usimsomee mama. Ukitaka kunijibu, nipigie, usitume ujumbe wa sauti, na mtoto asiwe chumbani. Na unirudishe kwenye grupu. Mama ana miadi ya macho mwezi ujao na hakuna aliyesema nani atampeleka.

Dada yako