Sisi wapiga picha wa ridhaa tuna ombi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Kwenye toleo la Jumamosi iliyopita msomaji mwenzangu alilalamika kwamba siku hizi huwezi kununua hata fungu la nyanya sokoni bila mtu kukuelekezea simu, akamalizia kwa kusema sisi tunaopiga picha bila kulipwa ni watu tusio na kazi. Lalamiko lake la kwanza nakubaliana nalo kabisa. La pili limeniuma, ndiyo maana nimeacha cherehani na kushika kalamu.

Kazi ninayo. Ni fundi wa kushona hapa Tandika, huu ni mwaka wa 23. Picha napiga Jumapili, na siku nyingine alfajiri kabla sijafungua. Nina simu, na nina kamera ya mtumba niliyoinunua Kariakoo, ambayo nailaza kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Joto la Dar es Salaam likichanganyika na unyevu wa bahari, ukungu huota ndani ya lenzi, na ukishaota hautoki kwa kitambaa.

Tupo sita. Mwalimu mstaafu, kijana wa bodaboda, muuguzi, mafundi umeme wawili wa Mbagala, na mimi. Jumapili ya mwisho wa mwezi tunakutana uani kwangu chini ya mwembe, kila mtu na picha moja tu, ile aliyoipenda kuliko zote za mwezi huo, na lazima awe ameisafisha kwenye karatasi. Kuchagua moja kati ya mia mbili ni kazi inayokunyima usingizi. Karatasi nayo ina maana yake. Picha ikipita WhatsApp inabanwa iwe nyepesi, nyuzi za kitambaa zinapotea, ngozi ya mtu inakuwa kama imepakwa unga. Ya karatasi unaishika, unaisogeza kwenye mwanga, unampa aliyekaa pembeni yako, naye anaona ambacho wewe hukukiona.

Mwezi uliopita mwalimu alileta ya Feri, kule wanakokaanga samaki. Mama mmoja amesimama mbele ya karai, moshi wa kuni umejaa, na mabati ya juu yana matundu, basi jua limeteremka katikati ya moshi kama fito. Mwanga wenyewe hauonekani hewani mpaka upate kitu cha kugonga, na pale moshi ndio ulioupokea. Uso wa yule mama umetulia, una matone ya jasho juu ya mdomo. Mkono ulioshika chuma cha kugeuzia umetoka na ukungu kwa sababu mwalimu alipiga kwa spidi ya chini, yaani jicho la kamera lilikaa wazi sehemu moja ya 30 ya sekunde, naye mama alikuwa anageuza. Mimi nasema mkono ule ndio picha. Ungeganda ungekuwa mkono wa sanamu.

Kijana wa bodaboda alitaka upande wa kushoto ukatwe, eti ndoo ya bluu inaharibu. Mwalimu akakataa katakata. Ndani ya ndoo kuna magamba na kisu, akasema, ukiitoa huyu mama anaweza kuwa anakaangia popote. Tulibishana hadi chai ikapoa. Kwangu ndoo ibaki, ila ningepiga hatua nusu kulia ili ile nguzo ya nyuma isiote kichwani mwa mama. Muuguzi, ambaye huwa haongei sana, akaweka kidole kwenye karatasi, chini ya kiwiko. "Mmeziona hizi?" Zilikuwa alama ndogo ndogo za kuungua, safu nzima, mafuta ya moto ya miaka. Sote tulikuwa tumeitazama ile picha zaidi ya nusu saa na hakuna aliyekuwa ameziona.

Huko ndiko kukosa kazi kunakosemwa?

Kijana mwenyewe alileta abiria wanashuka pantoni upande wa Magogoni. Jiji letu jua linalipata kutoka baharini, kwa hiyo asubuhi wanaotoka Kigamboni wanakuja na jua mgongoni. Ukiiachia simu iamue, itahangaika kuwang'arisha watu na anga itaungua yote, nyeupe tupu. Yeye aligusa kioo pale penye anga, akauteremsha mwanga kwa kidole, watu wakawa vivuli vyeusi. Ukaona baiskeli, tenga la kuku, mtoto mgongoni kwa mama yake na kiatu kimoja kinataka kuanguka. Alikwenda pale asubuhi nne. Mwezi wa Juni jua linachelewa mpaka kwenye saa 12:30, halafu huku kwetu karibu na ikweta linapanda wima, halina subira. Ikifika saa 2:00 mwanga ule laini umekwisha na sura za watu zina vivuli machoni.

Yangu ilikuwa ya Idi, mtoto wa jirani ndani ya kanzu niliyomshonea. Nilipiga mara kumi na zaidi, kila mara kanzu inatoka ya kijivu na uso unatoka giza. Kamera haijui kanzu ni nyeupe. Inachojua ni kwamba kuna weupe mwingi mbele yake, basi inapunguza mwanga mpaka kila kitu kiwe cha wastani, na mtoto mweusi wa watu anapotea. Fundi umeme mmoja ndiye aliyenifundisha kuongeza mwanga kwenye kamera kwa makusudi, hatua moja, na kumsogeza mtoto mlangoni, nje ya jua kali. Darizi ya shingoni ikaonekana kila mchomo, na macho yake yakawaka. Sisi wenye ngozi hii tunahitaji kulijua jambo hili. Nimeona picha nyingi za harusi ambazo shela inameta na bibi harusi mwenyewe hana sura.

Sasa nirudi kwa lalamiko la kwanza la yule ndugu, maana nalo linatuhusu. Mwaka juzi mmoja wetu alimpiga picha mzee anayetembeza kahawa, na birika lake na vikombe, amesinzia kwenye baraza mchana wa jua. Picha nzuri sana. Akaituma kwenye kundi la mtaa, kutoka hapo ikatembea, na mtu huko mbele akaiandikia maneno ya kumdhihaki mzee. Ikafika kwa watoto wake. Tulipopata habari tulikwenda wote sita kumwomba radhi. Alitumiminia kahawa kwanza, akatusikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Wanangu, mngeniuliza ningevaa kofia."

Maneno hayo sijayasahau. Hakukataa kupigwa picha. Alitaka aulizwe tu, ajiweke sawa, aonekane anavyopenda kuonekana. Tulirudi Ijumaa akiwa amevaa kofia yake ya mkono, amekaa wima, birika limesuguliwa mpaka linang'aa. Ya pili si nzuri kama ile ya kwanza kwa jicho la mpiga picha. Lakini ndiyo iliyotundikwa ukutani kwake.

Tangu siku hiyo tuna sharti lisilo na mjadala: picha yenye sura ya mtu haiji chini ya mwembe kabla mwenyewe hajaiona na kupewa nakala yake. Kuisafisha moja hakuzidi nauli ya kwenda mjini na kurudi. Kiswahili chetu kimetuwekea neno zuri hapa. Kama tunavyosema ndondi za ridhaa, sisi ni wapiga picha wa ridhaa, hatulipwi. Basi ridhaa hiyo iwe ya pande zote mbili, ya anayeshika kamera na ya anayetazamwa nayo. Siongelei sheria tu, ingawa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo. Naongelea adabu ya kumsalimia mtu kabla ya kumchukua sura yake.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni robo ukurasa mara moja kwa wiki kwa picha ya msomaji. Moja tu, kubwa, isibanwe kati ya tangazo la viwanja na la waganga. Chini yake yawekwe maelezo ya mpigaji mwenyewe: alikuwa wapi, saa ngapi, alitaka nini, alikosea nini. Wiki inayofuata msomaji mwingine aseme alichokiona, kama muuguzi wetu alivyotuonyesha zile alama. Na jina la aliyepiga liandikwe. Inanisikitisha kufungua gazeti, hata hili ninalolipenda, na kukuta chini ya picha "kwa hisani ya mtandao". Mtandao hauamki alfajiri kwenda Magogoni. Kuna mtu aliamka, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua.

Sharti la kwanza la kona hiyo liwe hilo letu la mwembeni. Picha isiyo na ruhusa ya mwenye sura isiingie, hata ikiwa nzuri namna gani. Nadhani hata ndugu yangu wa fungu la nyanya ataiona nia yetu, na akipenda aje Jumapili, chai ipo.

Ndani ya bahasha hii nimeweka ile picha ya Feri, kwa idhini ya mwalimu. Ndoo ya bluu ipo, haijakatwa. Nakala yake yule mama alishapewa kabla picha haijaja mwembeni, lakini Jumanne tulimrudia na hii kumwomba ruhusa ya gazeti. Alifuta mikono kwenye kanga, akaitazama muda mrefu, akacheka tena kuhusu nguzo iliyoota kichwani, kisha akaomba kalamu. Geuza nyuma utaona mwandiko wake, na doa la mafuta pembeni: "Nimeiona. Nimekubali itoke." Ikitoka, tafadhali tuwekee nakala mbili za gazeti, moja ni yake.

Wako,
Fundi cherehani,
Tandika, Dar es Salaam