Koti halipo kitini, simu ipo mkononi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linaloniumiza, mimi niliyefanya kazi masijala miaka 27 kabla ya kustaafu.

Wiki iliyopita nilikwenda ofisi moja ya umma hapa Morogoro kufuatilia hati ya kiwanja. Saa mbili kasoro nilikuwa benchini. Kijana wa dirishani alikuwepo, kompyuta imewashwa, mihuri ipo mezani. Ila simu yake aliiegemeza kwenye rundo la mafaili, video zinacheza, kidole gumba kinapandisha moja baada ya nyingine. Kila aliyesogea aliambiwa, "Subiri kidogo." Mama mmoja kutoka Mvomero, mtoto mgongoni na bahasha mkononi, alisimama pale mpaka mtoto akaanza kulia. Shida yake ilikuwa namba ya malipo tu. Aliipata saa nne na nusu, nikiitazama saa ya ukutani, na kuitoa hakukuzidi dakika tatu.

Enzi zetu mtoro alijulikana: aliacha koti kitini akaenda zake mjini. Novemba 6, 2015, siku moja baada ya kuapishwa, Rais Magufuli alitoka Ikulu kwa miguu hadi Wizara ya Fedha, akakuta viti havina wenyewe, na nchi nzima ikalizungumza. Leo angekuta viti vimejaa. Mtu amesaini daftari la mahudhurio, yupo tangu saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, lakini akili yake iko Instagram. Utoro huu hakuna daftari linaloukamata.

Najua nitajibiwa kwamba siku hizi simu ndiyo kazi. Ni kweli, na mzizi wa tatizo uko hapo hapo. Mkuu wa idara anatoa maagizo kwenye kundi la WhatsApp, wito wa kikao humo, barua inapigwa picha na kutupwa humo humo. Mtumishi akifungua asome agizo, anapokewa na vichekesho, michango ya harusi na ubishi wa Simba na Yanga. Utamkaripiaje wakati wewe bosi ndiye uliyemwita huko? Simlaumu kijana yule peke yake.

Wakurugenzi, rudisheni maagizo kwenye barua pepe ya ofisi, au yapelekwe mezani kama zamani. Simu za walio dirishani zikae kwenye droo mpaka saa ya chakula. Mwenye mgonjwa nyumbani awaachie ndugu zake namba ya ofisi. Na muanze ninyi, kwenye vikao vyenu.

Mimi nimeambiwa nirudi Alhamisi, na nitarudi, nyumbani ni karibu. Yule mama alikwenda benki kulipa, akarudi na stakabadhi. Nilipoondoka saa saba alikuwa tena kwenye foleni ya dirisha lile lile.

Mstaafu, Morogoro