Mwanangu, nimelifumua shati la baba yako

Kirumba, Mwanza
Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Mwangaluka, mayu. Shikamoo yako ya Ijumaa niliipata, marahaba. Hapa nyumbani tu wazima. Baba yako mguu umeacha kumsumbua, mdogo wako yuko kwenye mitihani, na pale soko la samaki la Mwaloni dagaa ni wachache wiki hii kwa sababu mwezi ni mkubwa, taa za wavuvi haziwavuti. Unajua mwenyewe, dagaa wakikosekana Kirumba hata cherehani yangu inalala. Ndiyo maana nimepata nafasi ya kukaa na mambo yako.

Ujumbe wako niliusoma mara mbili. "Mama, sina nguo ya kuvaa kwenye sendofu ya rafiki yangu." Halafu picha ya gauni, halafu elfu themanini na tano. Sikukujibu kwenye simu kwa sababu jibu langu ni refu, na nilitaka kwanza nilifungue lile begi la kijani uliloliacha chini ya kitanda. Nimelifungua. Nimehesabu nguo kumi na tisa, mwanangu, bila kuhesabu kanga.

Usidhani nakunyima. Fedha ya kikoba ipo, na kama ungekuwa huna nguo kweli ningekutumia kesho asubuhi. Lakini lile gauni nimelitazama kwa jicho la kazi yangu. Limebana, halina bitana, na nina hakika ndani halina akiba ya kitambaa. Mwaka jana mteja aliniletea gauni la namna hiyohiyo alilolinunua duka kubwa la mjini. Alilivaa mara moja, mshono wa ubavuni ukafumuka. Nilipoligeuza nikakuta kitambaa kimebaki chembamba kama ukingo wa wembe, hakuna hata mahali pa kushika sindano. Nililirudisha mikononi mwake nikiwa sina la kufanya. Fundi anayekushonea mwenyewe huacha kitambaa ndani ya mshono ili ukinenepa akuachie na ukipungua akubane. Nguo nyingi za kutundikwa dukani hazina huruma hiyo.

Sasa nisikilize jambo ambalo nimelijua kwa miaka ishirini na mitano ya kukanyaga cherehani. Nguo haichakai yote kwa pamoja. Inakufa mahali. Shati linakufa kwenye kola na viwiko. Suruali inakufa katikati ya mapaja na kwenye pindo la chini. Gauni linakufa makwapani. Sehemu nyingine zote ziko hai, wakati mwingine ziko kama siku ya kwanza, lakini kwa sababu ya kola moja mtu anatupa mgongo mzima, mikono, mifuko na vifungo. Mimi kazi yangu ni kutafuta palipo hai.

Unalikumbuka shati la baba yako lenye mistari myembamba ya bluu, lile la kazini? Nilimwomba, akanipa. Kola ilikuwa imekatika kwenye mkunjo, viwiko vimekuwa vyepesi hadi unaona kidole upande wa pili. Nikaliweka mezani nikalifumua. Nataka ujue ninavyofumua, kwa sababu ndipo watu wengi wanapoharibu. Usivute kwa nguvu. Geuza nguo ndani nje, chukua wembe, kata mshono mmoja kila baada ya mitatu au minne, upande mmoja tu. Kisha geukia upande wa pili uvute uzi taratibu. Utatoka mzima, mrefu, kama uti wa sato aliyeiva vizuri.

Nilipoitoa kola nikakuta chini yake kitambaa ambacho jua halijawahi kukiona. Bluu yake ilikuwa bluu ya siku baba yako alipolileta nyumbani likiwa kwenye karatasi. Nilikaa nikikitazama kwa muda.

Bibi yako angeigeuza ile kola: unaifumua, upande uliokatika unauweka chini, upande mzima unakaa juu, unaishonea tena palepale, na shati linaendelea miaka mingine mitatu. Mimi sikuirudisha kabisa. Nimebakiza ule ukanda unaosimama shingoni, nao unakupendeza kwa sababu shingo yako ni ndefu. Mikono nimeikata juu ya kiwiko, pale palipokufa pakatoka. Vipande vya chini vya mikono nimevitengenezea mkanda wa kufungia kiunoni. Ubavuni nimepunguza, mgongoni nimeweka mikunjo miwili ili lisikae kama gunia. Vifungo sikuvihamisha. Viko upande wa kiume, mtu anayejua nguo ataona, na mimi napenda aone.

Utaniuliza kwa nini nahangaika hivi wakati kule soko la Mlango Mmoja belo za mitumba zinafunguliwa kila siku na blauzi unaipata kwa bei ya soda mbili. Mitumba siichukii. Imenilisha, maana nusu ya wateja wangu wanaleta mitumba niipunguze. Lakini mimi nimeishi wakati nguo hazikuwepo, na mwili wangu haujasahau.

Mwaka 1983 nilikuwa mtoto wa shule kule Magu. Vita vya Kagera vilikuwa vimeisha miaka minne nyuma, nchi haina fedha za kigeni, maduka matupu. Vitambaa vikija duka la ushirika majina yanasomwa kwenye daftari, na mara nyingi vilikwisha kabla ya jina letu kufika. Nilikuwa na gauni moja. Likifuliwa, mimi nabaki ndani nimejifunga shuka la bibi hadi likauke. Na sisi tulikuwa wakulima wa pamba, mwanangu! Kuzunguka nyumba yetu ilikuwa pamba tupu. Tulipanda mvua za Novemba na Desemba, tukapalilia, tukapigana na funza, na kuanzia Juni tukachuma hadi vidole vinachanika kwa yale maganda makavu. Usiku tukakaa kwenye mkeka kutenga pamba safi na pamba fifi, maana zikichanganyika bei inashuka. Kisha mzigo ukaenda kwenye kinu cha kuchambulia pamba, na kule kinuni kilo tatu za pamba hutoa takriban kilo moja tu ya nyuzi, nyingine ni mbegu. Tukarudi nyumbani kwenye gauni langu moja. Ilikuwa baada ya 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za nje walete bidhaa, ndipo mitumba ikaanza kufurika hata huku kwetu.

Kwa hiyo nikishika nguo ya pamba mikononi siwezi kuiona kama kitu cha kuvaa mara mbili ukapiga picha ukaitupa. Namwona mtu ameinama shambani. Wengi wa watu hao ni ndugu zako.

Nguo ya pili ni kitenge chako cha mahafali ya kidato cha sita. Juu kilikuwa kimekubana na makwapa yamepauka kwa jasho. Chini kilikuwa kimemwagika vizuri, rangi bado kali. Nimekikata kiunoni, nikaweka mkanda wa bapa mbele na lastiki nyuma, sasa ni sketi. Kabla ya kukata nilikizunguka mara nne. Nina sababu. Nilipokuwa bado najifunza kazi bibi yako aliniletea kitenge cha ndege, akaniamini nimshonee blauzi. Nilikuwa na haraka ya kumwonyesha kwamba nimeshakuwa fundi. Sikukifua kwanza, sikutazama mchoro unaelekea wapi. Ndege wote wa mgongoni wakatoka vichwa chini, na baada ya kufuliwa mara ya kwanza kitambaa kikasinyaa, blauzi ikampanda tumboni. Hakusema neno. Alikaa kizingitini, akaifumua yote kwa mkono, akashona foronya mbili. Ile foronya uliyolalia utotoni, yenye ndege, ndiyo hiyo. Kitambaa kipya cha pamba kifue kwanza, mayu. Kikishakauka ndipo utafute mkasi.

Vile vipande vya juu vya kitenge sijavitupa. Vimekuwa mfuko wa kubebea vitabu, na kimoja nimekiweka ndani ya ule ukanda wa shingo wa shati, ili ukivaa shati na sketi pamoja, kitenge kichungulie shingoni. Ndiyo nguo yako ya sendofu hiyo. Nimeitundika ukutani tangu jana, na mdogo wako ameniuliza mara mbili ni ya nani.

Ya tatu ni jinzi. Imekatika mapajani, nimetia kiraka kwa ndani na kupitisha mshono wa mistari juu yake. Haina maneno mengi, ivae darasani.

Umesema pia kwamba mwenzako wa bwenini anakucheka ukirudia nguo. Hilo limeniuma kuliko elfu themanini na tano. Sijui nimwambie nini mtoto wa watu. Ila wewe nakwambia: nguo zilizobaki kwenye begi nimezitia zote kwenye kifurushi, zitoe moja moja, uzivae mbele ya kioo kwa namna ambayo hujawahi. Lile gauni la njano liweke ndani ya sketi uone kama linakuwa blauzi. Shati la shule lifungwe mbele juu ya kigauni. Ile kanga ya shangazi, yenye pindo jekundu, ni mtandio tayari, haihitaji hata sindano. Fua kwa maji baridi, anika kivulini ukiwa umegeuza ndani nje; jua la Dodoma linakula rangi kuliko hili letu. Na ujifunze kushona kifungo. Nimekutia sindano tatu na uzi mweupe, mweusi na wa bluu kwenye kile kikopo cha mafuta ya mgando.

Kifurushi nakipeleka stendi ya Nyegezi alfajiri, kitapanda basi la kwanza. Namba ya kondakta nitakutumia. Ukikipokea tazama sketi chini: pindo nimelipiga bandi tu kwa uzi mweupe, sijalishona, kwa sababu sijui utavaa viatu vipi siku hiyo. Vaa viatu vyenyewe, simama wima, usiiname kutazama. Mwambie huyohuyo mwenzako anayekucheka apige magoti akukazie pini kuzunguka, vidole viwili juu ya kifundo cha mguu. Kisha nipigie picha kabla hamjashona.

Mama yako